Mali ya mume na mke wanapoachana: shahidi, hati na wakili katika historia ya fiqhi

 

Wanandoa wanaokuja kwetu baada ya talaka huuliza kwanza juu ya eda na malezi ya watoto. Wenye mali huwa na swali la tatu, nalo ndilo linalochukua siku nyingi. Tuliwahi kuketi na mume na mke waliokaa pamoja miaka 22. Walikuwa na nyumba tatu, duka la vifaa vya ujenzi na malori mawili, na kila hati ilikuwa na jina la mume. Mke alisema aliuza dhahabu ya mahari yake na kiwanja alichorithi kwa babake, na fedha zikaingia katika nyumba ya kwanza. Mume akakana, akasema fedha zile ziliishia katika harusi za ndugu zake mke. Karatasi hakuna, na wazee wawili waliokuwapo siku ile walikwisha fariki. Mdai hana ushahidi, basi mdaiwa akaapa. Mke akaondoka na baki ya mahari yake, masurufu ya eda na kiliwazo. Hatujui mpaka leo kama alidhulumiwa, na hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Baadhi ya ndugu zetu wanadhani kuwa mgogoro wa mali baina ya wanaoachana ni jambo lililoletwa na mahakama za kizungu. Sivyo. Mafakihi wa karne ya pili ya Hijra walikuwa na mas-ala mahususi waliyoiita mataaul bayt, yaani vyombo vya nyumba: mume na mke wameachana, kila mmoja anadai vitu vilivyomo, na hakuna mwenye ushahidi. Ibn Abi Layla (aliyefariki 148H/765), kadhi wa Kufa, alisema vyote ni vya mume isipokuwa mavazi ya mke. Imam Abu Hanifa (aliyefariki 150H/767) aliangalia kinachomfaa nani: silaha ni za mume, vyombo vya kike ni vya mke, na kinachowafaa wote wawili hupewa mume wanapoachana.

Imam Shafii (aliyefariki 204H/820) hakuridhika na kipimo hicho. Katika kitabu chake Al-Umm anaeleza kuwa mwanamume anaweza kumiliki vitu vya kike, na mwanamke vya kiume, ama kwa kununua au kwa kurithi. Mfano wake ni mzuri mno: Sayyidna Ali (r.a.) alimwoa Bibi Fatma (r.a.) kwa mahari ya deraya ya chuma. Deraya ni chombo cha vita, lakini siku ile mwenye mali alikuwa Bibi Fatma, si Ali. Kwa hiyo, akasema Imam, wote wawili wanaishi humo, mikono yao wote iko juu ya vitu hivyo, basi kila mmoja amwapie mwenzake na wagawane nusu kwa nusu.

Wanafunzi wetu huisoma mas-ala hii kama habari ya masufuria na mikeka. Kwa maoni yetu imebeba zaidi ya hapo. Zama zile mkono ulioshika kitu ulikuwa dalili ya umiliki, na mkono wa mke nyumbani ulikuwa sawa na wa mume. Leo hati ya nyumba na kadi ya gari vimechukua nafasi ya mkono. Mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye mkono, na mwenziwe amekuwa mdai anayetakiwa kuleta ushahidi. Mke aliyehukumiwa kwa madhehebu ya Shafii angeapa akapata nusu ya vilivyomo ndani. Mke wa leo, katika duka na malori yaliyosajiliwa kwa jina la mumewe, hafikii hata kwenye zamu ya kuapa. Sheria haikubadilika, dalili ndiyo iliyobadilika, na wengi wetu hatukuwaambia waumini.

Mas-ala nyingine ngumu ni kazi isiyotajiwa ujira. Mke amekaa dukani miaka kumi, hakuandikiwa mshahara wala hisa. Imam Nawawi (aliyefariki 676H/1277), ambaye Minhaj yake inadarisiwa kote katika mwambao wetu, anasema kuwa anayempa dobi au mshonaji nguo bila kutaja ujira, hana deni la ujira. Lakini hakuishia hapo. Anaitaja kauli ya kwamba akiwa mtu yule anajulikana kwa kazi ile basi analipwa, na anadokeza kuwa kauli hiyo huonekana nzuri. Wanaosoma mstari wa kwanza wakafunga kitabu wawe waangalifu.

Huko Maghrib, kwa Wamaliki, jambo hili lilikwenda mbali zaidi. Kadhi Ahmad Ibn Ardun wa Chefchaouen (aliyefariki 992H/1584) aliwaona wanawake wa milima ya Ghumara wakivuna na kutunza mifugo bega kwa bega na waume zao, akatoa fatwa kuwa wana fungu katika mali iliyotokana na kazi hiyo. Wanazuoni wengine wa zama zake hawakukubaliana naye, ila fikra hiyo haikufa. Sheria ya familia ya Morocco ya mwaka 2004, kifungu cha 49, inaacha mali ya kila mmoja iwe yake, inawaruhusu wanandoa kuandika hati ya peke yake juu ya mali watakayochuma, na isipokuwapo hati, kadhi hutazama ushahidi na kazi ya kila mmoja.

Na huyo asiyejua kusema mbele ya kadhi? Inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali alichukia kuhudhuria mabishano mwenyewe, akimwakilisha nduguye Aqil, na Aqil alipozeeka akamwakilisha Abdullah bin Jaafar. Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya mpinzani ikiwa mwenye kesi yupo na ni mzima. Jumhuri hawakushurutisha, na hata ndani ya madhehebu yake Abu Bakr al-Jassas (aliyefariki 370H/981) alimvua na sharti hilo mwanamke asiyezoea kutoka mbele ya wanaume. Basi kumchukua wakili si aibu wala si ukosefu wa tawakkul. Mpaka wake umewekwa na aya ya 105 ya Suratun Nisaa, inayokataza kuwatetea wahaini. Wakili anayemfundisha mume kuhamisha nyumba kwa jina la kaka yake wiki moja kabla ya talaka, au anayemfundisha mke kudai asichochuma, ameingia katika katazo hilo.

Katika nchi zetu, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilizihesabu kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, imemruhusu Mwislamu afuate sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Ruhusa hiyo ina faida ndogo kwa aliyefika kwa kadhi mikono mitupu.

Ndiyo maana sisi, tunapofungisha ndoa ya watu wenye mali, huomba karatasi moja zaidi. Mzee mmoja alitulaumu kuwa tunataja talaka kabla pilau halijaliwa. Tukamjibu kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Karatasi yenyewe haizidi ukurasa: mke ameingia na nini, mume ameingia na nini, na kila fedha itakayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine itatajwa kuwa ni hiba, mkopo au ushirika. Mashahidi wawili husaini, na nakala moja hukaa kwa walii wa mke.