Ufuatiliaji wa nasaba ya walowezi wa Marekani

Ufuatiliaji wa nasaba ya walowezi ni utafiti wa ukoo unaowatafuta wahenga waliohamia maeneo mapya ya makazi Marekani, hasa katika karne ya 18 na 19, ambako vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vilikuwa adimu. Hutegemea kumbukumbu za sensa, ardhi na mirathi.

Sensa ya taifa imefanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Hadi 1840 ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Ile ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru. Watumwa waliorodheshwa chini ya mmiliki, kwa kawaida bila majina, hivyo wazao wao hulazimika kuwatafuta katika orodha za mali za marehemu waliowamiliki, ambamo majina yao yaliandikwa pamoja na thamani ya fedha. Sehemu kubwa ya sensa ya 1890 ilipotea kutokana na moto wa Washington wa 1921.

Majalada ya ardhi huziba sehemu ya pengo hilo. Sheria ya makazi ya 1862 ilimpa mlowezi hadi ekari 160 baada ya kuishi na kulima hapo miaka 5. Jalada lake lina ushahidi wa majirani na, kwa mhamiaji, hati za uraia. Majirani hao wachunguzwe kwa makini, kwani mara nyingi walikuwa ndugu au wakwe waliohama pamoja.

Kumbukumbu za mirathi, zinazohifadhiwa zaidi na mahakama za kaunti, huthibitisha undugu. Wosia huweza kumruka mtoto aliyekwisha kupewa fungu lake; hati ya mgawanyo huwataja warithi, wakiwemo mabinti walioolewa.