Hali za urushaji wa droni

Hali za urushaji ni mipangilio inayoamua jinsi droni inavyoitikia vijiti vya rimoti. DJI Mini 2, ndege nyuki ya gramu 249 iliyotoka mwaka 2020, ina tatu zinazochaguliwa kwa swichi: ya sinema, isiyozidi mita 6 kwa sekunde, ya kawaida, mita 10, na ya michezo, mita 16, ambayo huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Ya nne haichaguliwi, nayo ndiyo ya kuijua mapema. GPS ikipotea na vihisi vya chini visipoiona ardhi, tuseme gizani, droni hushikilia kimo tu. Ukiachia vijiti haitulii: upepo huisukuma kando, na mrushaji lazima airudishe mwenyewe, taratibu.