Sura ni ya nani? Kwa nini tumwite msawiri

Nimeletewa nisome tafsiri ya maisha ya Glyn Philpot, mchoraji wa Uingereza, na katika mstari wake wa kwanza kabisa anatambulishwa kuwa "mchoraji mashuhuri wa picha wima". Mfasiri simlaumu. Neno amelikuta katika orodha ya istilahi iliyopitishwa na jopo ambalo, kwa kuwaheshimu waliokaa ndani yake, silitaji. Lakini chanzo chake nakijua. Kwenye kompyuta na simu, ukurasa uliosimama huitwa portrait, neno lilelile ambalo katika sanaa ni picha ya mtu fulani, na ule uliolala huitwa kwa neno la mandhari. Waliotafsiri menyu hizo wakasema wima na mlalo, na walisema vizuri, kwa sababu pale linalozungumzwa ni karatasi. Jopo likalichomoa neno kwenye simu likalipachika kwenye sanaa, bila hata kujiuliza kilichokuwa kinasimama ni nini. Kwa hesabu hiyo, mlima Ruwenzori ukichorwa kwenye karatasi iliyosimama ni picha wima, naye Lumumba akichorwa kwenye kitambaa kilicholala hana mahali pa kukaa.

Philpot alizaliwa London mwaka 1884, akasomea sanaa Lambeth, na mwaka 1923 akawa mwanachama kamili wa Royal Academy. Mwaka huohuo alikwenda Misri kumchora Mfalme Fuad. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake: watu wenye nafasi walimlipa ili wabaki wakijulikana baada ya kufa. Mwaka 1929 alikutana na Henry Thomas, Mjamaika, ambaye alimtumikia na kuchorwa naye mara nyingi hadi Philpot alipofariki mwaka 1937. Sasa tazama vichwa vya picha. Mfalme ameandikwa jina lake. Thomas, katika baadhi ya picha hizo, ameandikwa kwa rangi ya ngozi yake tu, kana kwamba aliyeketi mbele ya mchoraji alikuwa rangi. Mkono ni uleule na ustadi ni uleule, ila katika moja tunaambiwa huyu ni nani na katika nyingine hatuambiwi. Istilahi ya Kiswahili isiyoweza kuonyesha tofauti hiyo haijafanya kazi yake.

Kwa hiyo nalitetea neno ambalo nimekuwa nikilitetea tangu zamani, na sioni haya kulirudia: kazi yenyewe ni sura, anayeifanya ni msawiri, na fani yake ni usawiri.

Tuanze na mzizi. Kiarabu kina sad, waw na ra, herufi tatu zilizozaa ukoo mzima wa maneno tunayoyatumia kila siku bila kukumbuka kwamba ni ndugu. Sura ni umbo, tena ni uso. Taswira ni matokeo ya kuumba picha. Kusawiri ni kulipa jambo umbo lake hadi lionekane. Katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu limo Al-Musawwir, Mwenye kutia maumbo, na kwa sababu hiyo ndugu mmoja wa pwani ameniandikia kwamba kumwita mchoraji msawiri ni kumbebesha neno zito kupita kiasi, ukizingatia tahadhari ya dini juu ya picha za viumbe. Hoja yake naiheshimu. Lakini walimu wetu wa fasihi wamekuwa wakifundisha usawiri wa wahusika kwa miaka mingi, na hakuna mwandishi wa riwaya aliyeshutumiwa kwa kujifanya muumba. Linalompasa mwandishi wa Rosa Mistika linampasa pia mtu wa brashi.

Upande wa Ulaya, Kifaransa cha kale kilikuwa na portraire, kutoka Kilatini protrahere, yaani kuvuta kitu kukitoa nje, kukiweka hadharani. Mwenye kutunga neno hilo alijua kwamba kuna kitu ndani ya mtu kinachohitaji kuvutwa. Kuchora kwetu, kwa asili yake, ni kukwaruza na kukata kwa ncha. Mlango huchorwa, mtungi huchorwa. Ni kitenzi cha mkono na chombo, na kizuri mno, ila kinaishia juu ya ubao. Kusawiri kunaendelea hadi kwa anayesawiriwa.

Wapinzani wangu wana maneno yao. Wapo wanaotaka "picha ya uso". Uso ni neno zuri la Kibantu, lakini ni upande wa mbele tu, na kazi ya namna hii huweza kumwonyesha mtu kutoka utosini hadi kwenye viatu, au kumsema zaidi kwa mikono yake. Wengine wanasema "taswira", nami ningekubali kama washairi hawangekuwa wameshalichukua. Mwenzangu mmoja wa Bunia ameshikilia "sanamu", kwa sababu hapa Tchomia na kando yote hii ya Ziwa Albert wazee huita sanamu hata kitu bapa kilichotundikwa ukutani. Usemi huo naupenda. Lakini msomaji wa Mombasa akilisoma atatafuta jiwe au mti uliochongwa, na Kiswahili cha istilahi ni cha wote wawili. Ama "picha ya mtu", hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linaonekana halina kosa. Picha ya mtu yaweza kuwa ya mtu yeyote. Joy Adamson aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Kenya kuwachora watu wa makabila wakiwa na mapambo yao, na kazi zake nyingi zinakuonyesha namna ya watu, si fulani bin fulani. Zote ni picha za watu.

Sura haikubali hilo. Ukisema sura, Kiswahili chenyewe kinakudai jibu: sura ya nani? Neno linakaa likingoja mwenyewe.

Wanaoona hili ni nadharia waende kwa fundi wa kuchora. Familia humletea kadi ya mpiga kura ya marehemu, maana kwetu mara nyingi hicho ndicho kitambulisho kilichobaki, yenye kipicha cha ukubwa wa kidole gumba, kimefifia, pembeni kimeliwa na unyevu. Fundi hukikuza kwenye ubao. Siku ya kuchukua, hakuna anayeuliza kama picha imesimama au imelala. Watasema kovu lilikuwa kushoto, watasema nyusi za baba zilikuwa nzito kuliko hizi, na mwisho mama mmoja ataamua: ndiyo sura yake, au siyo. Malipo hufuata uamuzi huo.

Na yupo bwana wa kazi hii katika Kongo yetu, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyonyoshwa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi katika picha zaidi ya 100, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga; leo zimehifadhiwa Amsterdam. Nyingi zimelala. Mtazame Lumumba wake: miwani, ndevu za kidevuni, na ule mstari ulionyoka uliogawa nywele upande. Tshibumba alikuwa kijana mdogo Lumumba alipouawa tarehe 17 Januari 1961, lakini alama hizo tatu zinamtosha, na hata akimlaza chini amekufa pamoja na Mpolo na Okito waliouawa naye, misalaba mitatu ikiwa nyuma yao, mtoto wa shule atakutajia jina. Wanunuzi wa Lubumbashi waliziita picha za namna hiyo ukumbusho. Neno hilo linataja kazi ya picha ukutani, kwa hiyo halishindani na sura, linaifuata.

Jopo lilinijibu, kwa barua ya mistari michache, kwamba sura itachanganywa na sura ya kitabu. Wangefungua kamusi ya Kiarabu wangeona kwamba sura ya Kurani huandikwa kwa sin na sura ya mtu kwa sad. Ni maneno mawili yaliyokutana katika kinywa cha Mswahili, kama kaa la moto na kaa wa pwani. Hakuna aliyewahi kufungua kitabu kwenye sura ya tatu akatafuta pua.

Katika matumizi, basi: sura ya Mfalme Fuad, imesawiriwa na Philpot, msawiri, wasawiri, na simu ziachiwe wima yao.