Nyumba Iliyokupokea: historia ya kulala ugenini pwani ya Tanga, na namna ya kuchagua pa kufikia

Likizo ikikaribia, wanawake wengi wa Unguja na Pemba huanza kuulizana wapi pa kwenda kupumzika siku mbili tatu. Nungwi na Paje tunazijua, na bei zake tunazijua pia. Ndiyo maana macho yanaelekea ng'ambo, pwani ya Tanga: Kigombe, Pangani, Ushongo, na kwa wapenda baridi, milima ya Usambara. Huko majumba makubwa ya kitalii ni machache. Nyingi ni nyumba ndogo zenye vyumba vya kuhesabika, nyingine za makuti ufukweni, nyingine za mawe ya zamani, na kila moja ina tabia yake.

Wengi wetu huchagua kwa picha na kwa bei. Vyote viwili ni vya kuangalia, lakini nyumba ya wageni ina swali la tatu: ilijengwa kwa ajili ya nani? Katika pwani ile swali hilo lina historia ndefu. Na sisi wanawake linatuhusu zaidi, kwa sababu kwa muda mrefu nyumba nyingi za kulala wageni zilijengwa bila kutufikiria.

Kabla ya hoteli palikuwa na mwenyeji

Miji ya kale ya pwani haikuwa na hoteli kwa sababu ilikuwa na wenyeji. Ibn Battuta alipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alieleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua wakiwa wamebeba chakula, na kila mfanyabiashara alichukuliwa na mwenyeji wake akakae kwake. Mwenyeji huyo ndiye aliyemsaidia kuuza na kununua. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipokewa na kadhi.

Kumpokea mgeni kulikuwa ibada na kulikuwa biashara kwa wakati mmoja. Dini imempa mgeni haki yake ya siku tatu, na kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Nabii Ibrahim aliyewaandalia ndama wageni asiowajua. Waswahili nao wakaongeza lao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu ulikuwa na mpaka wake na mgeni alikuwa na wajibu wake.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa hesabu hiyo. Baraza lilikuwa la kila mtu, hata mpita njia. Mgeni mwanamume aliishia barazani au chumba cha mbele. Mgeni mwanamke alipita moja kwa moja hadi ndani, akavua ushungi wake, akapewa maji ya kuoga, akala na wenzake uani na akalala nao. Alikuwa mgeni wa wanawake wa nyumba ile, na heshima yake ilikuwa mikononi mwao. Bibi zetu waliovuka na majahazi kutoka Pemba kwenda Tanga kwa arusi, kwa msiba au kwa matibabu walisafiri hivyo. Hawakuuliza chumba ni shilingi ngapi. Waliuliza nyumba ya fulani iko mtaa gani.

Ukitaka kuona kwa macho jinsi miji hii ilivyo ya zamani, pita Tongoni, kama kilomita 20 kusini ya mji wa Tanga. Pana magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo ya karne ya 14 na 15. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498, na mwaka 1499, akirudi kutoka India na mabaharia wachache waliobaki hai, alichoma merikebu yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya karibu na hapo. Tongoni ilikuwa na watu wake na msikiti wake kabla Mreno hajajua njia ya kufika.

Pangani, na mgeni aliyeingia bila hodi

Katika karne ya 19 Pangani ulikuwa mlango wa misafara ya bara. Pembe za ndovu zilishuka hapo, na kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakapanda hadi Fuga, Usambara, kwa Kimweri ya Nyumbai. Mmisionari Krapf alikuwa amemtembelea mtawala huyo kabla yao, mwaka 1848 na 1852. Wazungu hao, pamoja na yote yanayosemwa juu yao, walikuwa wageni wa mtu. Walisubiri ruhusa, wakatoa zawadi, wakaonyeshwa pa kulala.

Mwaka 1888 mambo yakageuka. Kwa mkataba wa Aprili, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani ya Mrima. Agosti, wakala wa kampuni hiyo Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na liwali wa Sultani atii amri zake. Siku hizo zilikuwa za Idi Kubwa. Wajerumani waliokuwa wakimtafuta liwali waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa pamoja nao.

Sababu za vita vilivyofuata zilikuwa nyingi: kodi, biashara, ardhi, na ushindani wa wakubwa wa mji wenyewe. Lakini tendo hilo la msikitini ndilo lililokaa katika kumbukumbu, kwa sababu kila mtu alilielewa mara moja. Mgeni ameingia bila hodi na amekanyaga pale ambapo hata mwenyeji huvua viatu. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza upinzani kutoka Pangani, na Bwana Heri akapigana upande wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata pwani ile ilitoka kabisa mikononi mwa Sultani, kwa malipo ya marki milioni 4. Ndivyo Tanga na Pangani zilivyotengana na visiwa vyetu kiutawala, ingawa ndoa na undugu havikusoma mkataba.

Historia hii si mapambo ya matangazo. Nyumba za mawe za Pangani ni nzuri, zenye milango ya nakshi na kuta nene zinazotunza ubaridi. Lakini nyingi zilijengwa kwa fedha za pembe, sukari na watumwa. Juu ya boma la Pangani wenyeji wana simulizi kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake. Uikubali simulizi hiyo au usiikubali, inakueleza mji unavyoikumbuka nyumba ile. Kwa hiyo ukifikia katika nyumba ya kale, muulize anayekukaribisha: nani alikaa hapa, na nani alibeba mawe? Mwenye nyumba anayejibu kwa ukweli anaijua nyumba yake. Anayekujibu kwa hadithi za masultani na mito ya hariri anakuuzia picha.

Hoteli, reli na mkonge

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Moshi. Kutoka Mombo Wazungu walipanda milimani kukimbia joto na malaria, hadi mji walioupa jina la Wilhelmstal. Ndio Lushoto ya leo. Amani, katika Usambara ya Mashariki, walifungua mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Mjini Tanga palikuwa na Hotel Deutscher Kaiser, yaani hoteli ya Kaisari wa Ujerumani.

Hoteli hiyo imeingia hata katika historia ya vita. Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, kuuteka mji wa Tanga uliolindwa na watu kama 1,000 chini ya von Lettow-Vorbeck. Baadhi ya washambuliaji waliingia mjini, wakaiteka forodha na hoteli ile, wakapandisha bendera yao. Haikukaa. Walirudishwa nyuma hadi kwenye meli zao, nyuki wakiwaandama njiani, na ndiyo sababu wengine huviita vita vya nyuki.

Hoteli za namna hii zilileta jambo geni pwani: kulala kwa kulipa, bila mwenyeji. Pia zilileta mlango wenye rangi. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mpishi, dobi, boi wa kubeba mizigo. Hakuwa mgeni, na hali hiyo iliendelea chini ya Waingereza. Wakati huo huo mkonge ulikuwa unaigeuza nchi. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana nayo yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanga kuwa mji wa mkonge. Manamba waliletwa kutoka mbali kuyafanyia kazi, wakalazwa makambini. Hoteli kwa mmoja, kambi kwa mwingine, na baina yao hapakuwa na nyumba ya kumpokea mwanamke msafiri wa Kiswahili. Yeye aliendelea kufikia kwa jamaa.

Gesti na jina lake

Baada ya uhuru milango ya hoteli ilifunguliwa kwa wote, na kila mji wenye stendi ya basi ukapata gesti zake. Gesti ziliwasaidia wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Lakini mwanamke aliyeonekana akiingia gesti peke yake alizungumzwa. Jina la gesti lilichafuka, na msafiri mwenye kujiheshimu akaona bora alale juu ya mkeka kwa shangazi kuliko juu ya godoro la kukodi.

Leo hali imebadilika kuliko maneno ya watu. Wapo wanawake wanaovuka kununua bidhaa, walimu wanaokwenda semina, kina mama wanaomuuguza mtu hospitali ya Bombo, na wapo wanaotaka tu kupumzika na binti zao. Si kila mmoja ana shangazi Tanga. Anayesafiri anahitaji mahali ambapo ataingia kwa mlango wa mbele, asitazamwe kwa shaka, na alale bila hofu. Huko si kudeka. Ni ile haki ya mgeni iliyokuwako kabla ya hoteli.

Basi uchague vipi?

Anza na mlango. Piga simu mwenyewe, usiishie kwenye picha. Sikiliza unavyojibiwa ukisema mnakuja wanawake watupu, au unakuja peke yako na watoto. Uliza kama mlango wa chumba unafungwa kwa ndani vizuri, kama njia ya kwenda chumbani inapita baa, na nani anakaa usiku.

Kisha sitara. Nyumba za ufukweni za Ushongo na Kigombe nyingi ni mabanda yaliyo wazi kwa upepo. Ni raha, lakini uliza choo na bafu viko wapi, na kama kuna kona ya kukaa bila kuonwa na kila anayepita ufukweni. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na uwa kwa sababu hiyo hiyo.

Tatu, jiko. Uliza kama nyama ni halali na kama vyombo vya pombe vimetengwa. Halafu uliza nani anapika. Ukisikia kwamba samaki ananunuliwa kwa wavuvi wa hapo na mpishi ni wa kijiji hicho, ujue fedha yako inabaki pale ulipolala.

Nne, nyumba ilivyojengwa na inavyotunzwa. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Zikipigwa saruji huvuta unyevu na plasta hubanduka, kwa hiyo ukiona ukuta wa zamani umepakwa chokaa upya, mwenye nyumba anajua kazi. Ufukweni, angalia taka zinakwenda wapi. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana bahari ikitoka. Kasa bado wanakuja kutaga pwani hiyo, na nyumba inayozima taa za ufukweni usiku inawafanyia hisani.

Mwisho, majira. Masika ya Machi hadi Mei huharibu njia za vijijini, na kusi kikivuma bahari kati yetu na Tanga huchafuka, hivyo mwenye kichefuchefu asubiri. Lushoto, ambako bado zipo hoteli za enzi ya ukoloni kama Lawns, Julai baridi yake si ya mchezo. Chukua sweta na soksi za watoto.

Na kabla hujalipa, muulize mama au bibi yako alifikia kwa nani alipovuka kwenda Tanga. Pengine nyumba hiyo bado ipo, na wajukuu wa mwenyeji wake wapo. Lala hotelini ukipenda, lakini nenda ukawape salamu na kilo ya karafuu. Kizazi kilichopokewa kwenye nyumba zile kinaondoka, na kikiondoka hatutakuwa na wa kutuonyesha mtaa.

Safari njema, na Mwenyezi Mungu awarejeshe salama.