Kiingilio cha Watani: Siku ya Simba na Yanga, kutoka Ilala hadi kwa Mkapa

Simba na Yanga ni klabu mbili za mtaa zilizogawana nchi. Yanga, kwa jina kamili Young Africans, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wachezaji na wapenzi walijitenga na kuunda timu iliyoitwa Queens, ikaja kuwa Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Makao ya Yanga yako Jangwani, ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, eneo la Kariakoo, na anayetoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake hahitaji hata kupanda daladala. Kutokana na ujirani huo, pambano lao likaitwa dabi ya Kariakoo, nao wakaitwa watani wa jadi. Leo siku ya pambano hilo huuzwa kwa vipande: haki za kurusha matangazo, jina la ligi, kifua cha jezi, kiti cha uwanjani, hata ubashiri wa nani atafunga kwanza. Kabla ya hapo iliendeshwa kwa senti za mashabiki wenyewe.

Isidhaniwe kwamba fedha ilikuja mpirani juzi. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililobeba jina la kampuni ya Kiingereza ya sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Muuza sabuni alikwisha kuona kwamba penye watu wengi walio makini kwa dakika tisini, jina la bidhaa hupata masikio. Lakini tangazo hilo lilikuwa la kombe na la timu za nchi. Klabu za Kariakoo hazikuonja chochote, na shabiki wao alibaki vilevile, mtu wa kusimama pembeni mwa uwanja na kupiga kelele.

Klabu zenyewe zilikuwa vyama kabla ya kuwa timu. Mwanachama alikuwa na kadi, alilipa ada, alichangia nauli na viatu, na kwa sababu hiyo alikuwa na haki ya kupiga kura na kumzomea mwenyekiti. Klabuni watu walikaa barazani kunywa kahawa, kucheza bao na kuchambua mechi, na mwenzao akifiwa walikwenda pamoja msibani. Wakati wa kudai uhuru Yanga ilijulikana kwa ukaribu wake na chama cha TANU. Baadaye Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alizisaidia klabu zote mbili kupata majengo yao, na inasimuliwa kwamba ndiye aliyewashauri Sunderland kuachana na jina la Kiingereza. Matawi yalizuka Temeke, Magomeni, Manzese na kwingineko, kila moja na ubao wake wa matangazo na vigogo wake. Tawi moja la Simba huko Magomeni linaitwa Mpira Pesa, na walioliita hivyo hawakuwa wakitania.

Katika ligi ya taifa watani walikutana kwa mara ya kwanza Juni 1965, Yanga ikashinda 1–0. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5–0, deni lililolipwa pamoja na riba tarehe 19 Julai 1977, Simba iliposhinda 6–0 na Abdallah Kibadeni kufunga matatu. Matokeo hayo mawili hayajazeeka: mtoto aliyezaliwa miaka thelathini baadaye huyataja kana kwamba alikuwepo. Mechi kubwa za awali zilichezwa Uwanja wa Ilala, unaoitwa sasa Karume. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 zilihamia Uwanja wa Taifa, ule wa zamani, ambao siku hizi ni Uwanja wa Uhuru.

Siku ya mechi katika uwanja huo ilianza asubuhi, hata kama mpira ulipangwa kuchezwa saa 10 jioni. Sehemu kubwa ilikuwa ngazi za saruji juani, na nafasi nzuri ilikuwa ya aliyewahi. Watu walifika kwa miguu kutoka Keko na Chang'ombe, wengine wamejaa kwenye malori wakiimba, ngoma ikiwa juu ya boneti. Wauza karanga, mayai ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa na maji walipita katikati ya umati, na biashara hiyo haikuwa na mkataba na yeyote. Jezi rasmi haikuwa kitu cha kununua dukani. Shabiki wa Yanga alitafuta shati la kijani au la njano, wa Simba jekundu au jeupe, na akina mama walifunga kanga za rangi ya upande wao. Watoto walisimama getini wakiomba mtu mzima awashike mkono waingie naye.

Utani nao ulikuwa na kanuni zake. Kama ilivyo kati ya makabila yenye utani, maneno makali yaliruhusiwa kwa sababu ugomvi ulikwisha kukatazwa. Aliyefungwa alivumilia majeneza ya maboksi yaliyofunikwa rangi za timu yake, na kesho yake kazini au sokoni alilazimika kusikia yote. Si kila mara kanuni ilishika, ngumi zilipigwa na mawe yakarushwa, lakini familia ambayo baba ni Yanga na mama ni Simba ilikuwa, na bado ni, jambo la kawaida kabisa.

Kilichoifanya siku hiyo kuwa ya nchi nzima ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, iliwafikisha uwanjani watu wa Kigoma, Songea na Bukoba ambao hawakuwahi kuiona Kariakoo. Redio moja chini ya mwembe ilitosha kijiji. Kwa hiyo hata mechi ilipohamishwa, wenyeji walikuwepo tayari: tarehe 10 Agosti 1974 watani waliamua ubingwa kwenye Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga ikashinda 2–1 mbele ya watu waliokuwa Simba au Yanga kwa kusikia tu. Usikivu huo haukulipiwa na yeyote. Biashara ya baadaye ilijengwa juu ya mashabiki hao wa mikoani, ambao klabu zilikuwa zimewapata bure.

Fedha ya siku ya mechi ilikuwa ya mlangoni. Baada ya kuhesabiwa, iligawanywa kati ya klabu, chama cha mpira cha taifa (FAT), vyama vya mkoa na wilaya, mwenye uwanja na gharama za siku hiyo. Kabla ya kuhesabiwa ilikuwa imepita kwenye mikono mingi: tiketi za karatasi zilichapwa za bandia, vishina viliuzwa mara ya pili, na wapo walioingia kwa kumjua mlinzi. Uwanja huo ulipata jina la utani la Shamba la Bibi, na sababu haihitaji maelezo. Timu za mashirika na viwanda zilikuwa na mwajiri wa kuwalipa wachezaji. Simba na Yanga zilitegemea mlango huo unaovuja, michango ya matawi, na wafadhili. Mfadhili alikuwa mfanyabiashara mpenzi wa klabu aliyetoa mfukoni mwake bila hesabu za wazi, na aliyeweza kuondoka akikasirishwa. Azim Dewji ndiye aliyekuwa nyuma ya Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka sare 0–0 ugenini na Stella ya Abidjan kisha ikafungwa 2–0 nyumbani. Upande wa pili Yusuf Manji aliibeba Yanga kwa miaka mingi, akawa pia mwenyekiti wake.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Vodacom ikaipa ligi kuu jina lake. Bia ya Kilimanjaro ilidhamini klabu zote mbili kwa wakati mmoja, na mwaka 2017 kampuni ya kubashiri ya SportPesa ikafanya hivyohivyo. Inachekesha kidogo: watu wasiokubali hata kuvaa rangi ya mwenzao walibeba jina lilelile kifuani. Kwa mdhamini hesabu ilikuwa rahisi. Kumchukua mtani mmoja ni kuwakasirisha wateja wa mwingine. Miaka michache baadaye klabu zilikuwa zimepata nguvu ya kujiuza kila moja peke yake, na Agosti 2022 Simba ilitangaza mkataba wa miaka mitano na M-Bet, kampuni nyingine ya kubashiri, wenye thamani ya shilingi bilioni 26.1, huku Yanga ikibaki na SportPesa.

Uwanja mpya wa Taifa, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kutumika mwaka 2007, ulibadili siku ya mechi kuliko mkataba wowote. Ulikuwa na viti 60,000. Kiti kina namba na rangi, na rangi ina bei: mzunguko kwa wenye pesa kidogo, kisha viti vya machungwa, kisha VIP C, B na A. Tabaka ambalo kwenye saruji ya zamani lilijificha ndani ya umati sasa lilionekana kwa macho kutoka upande wa pili. Klabu ziligundua kwamba juu ya VIP bado kuna nafasi, na Simba ikabuni tiketi ya Platinum, yenye usafiri, chakula na vinywaji ndani ya bei. Kwa upande mwingine, wanawake na familia walipata mahali pa kukaa bila kusukumwa, jambo ambalo wanaoililia saruji ya zamani hulisahau. Julai 2020, baada ya kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, uwanja ulipewa jina lake, na watu wakaanza kusema wanakwenda kwa Mkapa, kama wanaokwenda nyumbani kwa mtu.

Tiketi za kielektroniki zilijaribiwa kwa kusuasua katika miaka ya 2010, hadi kadi ya N-Card ilipokuja kutumika: shabiki huijaza pesa kwa simu, hununua kiingilio, na getini huigusisha kwenye mashine. Vishina viliisha, na mtoto asiye na kadi hana tena mkono wa kushika. Walanguzi wamepungua bila kwisha, na foleni bado ni tatizo. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho, msongamano uwanjani hapo uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine.

Azam TV ilianza mwaka 2013 na mara ikachukua haki za ligi. Mei 2021 ilisaini na shirikisho la mpira la taifa (TFF) mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6, na baadaye mwaka huohuo benki ya NBC ikawa mdhamini wa ligi. Kwa mara ya kwanza shabiki wa Sumbawanga aliyelelewa na redio alikuwa na bei: king'amuzi, kifurushi cha mwezi, au kiingilio kidogo cha kibanda umiza, ambako watu hukaa kwenye mabenchi wamebanana na shangwe haitofautiani sana na ya mzunguko. Ratiba nayo ikaanza kuwa na wenyewe wengi. Tarehe 8 Mei 2021 muda wa dabi ulisogezwa siku hiyohiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga ilifika kwa muda wa kwanza, ikapasha misuli, ikaondoka, na maelfu waliokuwa vitini wakarudi bila kuona mpira.

Klabu ziliongeza siku za kuuza hata pasipo mpinzani. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009 kwa kufanyika Agosti 8, ilikuwa siku ya kutambulisha wachezaji, kutoa damu na kusaidia wagonjwa. Imekuwa tamasha la wasanii, ambalo tiketi zake zimewahi kwisha kabla ya siku yenyewe. Yanga ilijibu mwaka 2019 kwa Wiki ya Mwananchi. Jezi mpya huzinduliwa kwa sherehe na kuuzwa kwa mkataba wa mabilioni, na msako wa jezi feki huanzia palepale Kariakoo. Msemaji wa klabu, ambaye zamani alikuwa wa kusoma taarifa, sasa kazi yake ni kujaza uwanja. Haji Manara aliikuza kazi hiyo akiwa Simba, na mwaka 2021 alihamia Yanga kwa kishindo kama cha usajili wa mshambuliaji.

Umiliki ulifuata. Mwishoni mwa mwaka 2017 wanachama wa Simba walimkubali mwekezaji, Mohammed Dewji, kwa shilingi bilioni 20, na mgawanyo ukaja kuwa asilimia 49 kwake na 51 kwao. Yanga ilibadili katiba yake mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikamchagua Hersi Said, aliyetoka kampuni ya GSM, kuwa rais. Kadi ya uanachama ipo bado, ya kisasa zaidi, na kura ipo. Ila uzito wa shabiki leo hupimwa zaidi kwa alichonunua, na kelele za barazani Msimbazi au Jangwani haziwezi kumng'oa kiongozi kwa wepesi wa miaka ya 1970, ambapo mgogoro wa Yanga mwaka 1976 ulizaa klabu nzima ya Pan African.

Hata hivyo mnunuzi hana hakika ya kupata alicholipia. Dabi ya tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku hiyohiyo baada ya Simba kusema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni iliyotangulia na kutangaza kwamba haitacheza. Mashabiki wa mikoani walikuwa wamekwisha kufika Dar es Salaam. Yanga ilidai pointi, Bodi ya Ligi ikakataa, mvutano ukachukua miezi mitatu, na mechi ikachezwa Jumatano, tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2–0 na kutwaa ubingwa.