Nyuzi 225

"Sasa ngapi?" nilimuuliza Mama Asha. Macho yangu yalikuwa barabarani, yake kwenye geji.

"Mia mbili na kumi na tano. Baba Asha, kwani kawaida yake ni ngapi?"

Tulikuwa tunapanda milima ya Colorado kutoka Denver, kuelekea handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya bahari. Nyuma tulifunga tela lenye majokofu na meza za mgahawa wa shemeji. Miaka miwili kabla, kwenye mlima huu huu, giaboksi ya gari letu la zamani iliungua, na matengenezo yakala nauli ya mama yangu. Mama bado yuko Tanga.

Nikamwambia: SUV kubwa kama hii, kwenye tambarare, oili ya giaboksi hukaa kati ya 175 na 200 za Fahrenheit, yaani Selsiasi 80 hadi 93. Ukivuta mzigo mlimani, 220 si ajabu. Ikifika 240 oili huanza kuacha utando kama vanishi. Mafundi wana hesabu yao ya zamani: kila nyuzi 20 zikizidi, maisha ya oili yanapungua nusu.

Kawaida hiyo ina historia. Gia za otomatiki zilianza kuuzwa kwa wingi na Hydra-Matic, ambayo General Motors iliifunga kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Vita vilipokuja ikaingia hata kwenye vifaru vya M5 Stuart. Oili yake ilitwishwa kazi za watu wanne: kusukuma, kubana klachi, kulainisha, na kubeba joto kulipeleka kwenye kipozeo. Baada ya vita, kilichoisaidia kuvumilia yote hayo kilikuwa mafuta ya nyangumi.

Tena si nyangumi yeyote, bali yule wa ambari, ambayo watu wa pwani yetu waliiokota ufukweni na kuiuza kwa bei ya dhahabu. Katika karne ya 19 meli za wawindaji wake kutoka New England zilitia nanga Zanzibar, J. Ross Browne, aliyesafiri na mojawapo, alieleza kisiwa hicho katika kitabu cha 1846. Wakati huo mafuta yake yaliwasha taa. Karne moja baadaye yalikuwa chini ya sakafu za magari ya Marekani.

Mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ilikuwa haki, na imechelewa. Lakini wanakemia walibaki wakihangaika kutafuta mbadala, na moja ya oili mpya za mwanzo ilikula lehemu za kipozeo, kile kile kinachokaa ndani ya rejeta kuokoa giaboksi. Majaribio hayo waliyalipia wenye magari.

"Mia mbili na ishirini na tano," alisema Mama Asha. Hakuuliza tena.

Nikashusha gia, nikazima kiyoyozi, nikajipanga nyuma ya lori linalotambaa. Watu wakatupigia honi. Handaki likatumeza, tukatokea upande wa pili, mteremko ukaanza.

"Mia mbili na kumi," akasoma. Kisha, baada ya kimya kirefu, "Mia na tisini na nane."