Kutafuta Asili ya Jamaa na Mitaa katika Mji wa Chuma

Wengi hudhani ya kuwa tarihi hupatikana katika miji ya kale tu, penye makaburi ya mababu na magofu ya kuta. Mji wa viwanda, wasema, hauna asili. Watu wake wamekusanywa na ujira, nao hutawanyika ujira ukikoma. Twataka kuonyesha ya kuwa sivyo, kwa mfano wa Gary, mji wa jimbo la Indiana katika Marekani. Tena twataka kuonyesha ya kuwa atafutaye asili ya jamaa mahali kama hapo, asipoangalia lugha na majina ya watu wake, atapotea njia hata akiwa na karatasi zote mkononi.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya United States Steel, penye vilima vya mchanga kusini ya ziwa Michigan, ukapewa jina la Elbert H. Gary, mwenyekiti wa kampuni. Hata mto Grand Calumet ulihamishwa ili tanuu zipate nafasi. Mwaka 1910 walihesabiwa watu 16,802. Mwaka 1920 watu 55,378. Mwaka 1930 walipita 100,000. Kampuni ilipima viwanja karibu na kiwanda, ikajenga nyumba nzuri kwa wasimamizi na mafundi stadi. Wageni wa Ulaya ya mashariki na kusini, waliofanya kazi nzito, walijitafutia makao kusini ya reli ya Wabash, mahali palipoitwa Patch. Reli hiyo ndiyo mpaka wa kwanza impasao mtafutaji kuujua.

Karatasi ya kuanzia ni hesabu ya watu, ifanywayo kila miaka 10. Majina yake hufichwa miaka 72 ndipo hufunguliwa. Ya mwaka 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Humo twaona nyumba moja ina mume, mke, watoto, na wapangaji wengi. Hata mwaka 1923 zamu ya tanuuni ilikuwa saa 12, na kitanda kimoja kiliweza kulaliwa na watu wawili kwa zamu, mmoja mchana na mmoja usiku. Mtafutaji asiwapite wapangaji hao, maana mara nyingi ni shemeji za mwenye nyumba au watu wa kijiji chake, nao huonyesha njia ya kurudi nchi ya asili. Wala asimpite mke. Mara nyingi karani aliandika ya kuwa hana kazi, naye ndiye aliyewapikia na kuwafulia wote.

Lakini karani huandika nchi kwa jina la dola. Mwaka 1910 Mpoland, Mslovenia, Mslovakia na Mkroati waliweza wote kuandikwa kuwa wametoka Austria au Hungaria, kwa kuwa walitawaliwa na mfalme mmoja. Ndiyo sababu mwaka huo makarani waliagizwa kuandika pia lugha ya mama ya kila mzaliwa wa ng'ambo. Neno hilo moja, liandikwalo kando ya jina la nchi, lafaa kuliko mistari mingi. Ile dola imekwisha na mipaka imehama. Lugha imebaki kutuambia watu wale walikuwa nani.

Majina nayo yana mitego yake. Padre aandikaye Kilatini huandika Adalbertus; mtu yule yule, akiwa Mpoland, nyumbani huitwa Wojciech, akiwa Mslovakia Vojtech, akiwa Mhungaria Béla; na kiwandani huweza kuitwa Albert au George. Asiyejua atahesabu watu watatu palipo na mmoja. Jamaa nyingi husimulia ya kuwa jina lao liligeuzwa na makarani wa bandari ya Ellis Island. Lakini makarani wale walisoma orodha zilizokwisha kuandikwa na watu wa meli. Kwa kawaida jina liligeuka baadaye, kazini, shuleni, au kwa hiari ya mwenyewe. Tarehe pia hudanganya. Waserbia wa Kiorthodoksi hushika kalenda ya Julius, iliyo nyuma kwa siku 13 tangu mwaka 1900. Mtoto mmoja aweza basi kuwa na siku mbili za kuzaliwa, wala hapana iliyo ya uongo.

Kanisa ndilo hutoa ushahidi ulio bora. Kwa amri ya Ne Temere, iliyoanza kushikwa Pasaka ya mwaka 1908, padre afungishaye ndoa ya Wakatoliki apaswa kupeleka habari kwa parokia walikobatizwa, iandikwe katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo ndoa iliyofungwa Gary huenda imeandikwa pembeni mwa ukurasa katika kijiji cha Ulaya, na kitabu cha Gary huweza kukitaja kijiji hicho, ambacho huenda karatasi za serikali hazikitaji.

Kwa Wamarekani weusi njia ni ngumu zaidi. Walikuja kwa wingi kutoka majimbo ya kusini tangu vita kuu ya kwanza, nao walizuiliwa kukaa mitaa mingi, wakasongamana Midtown, kusini ya reli ile ile. Atafutaye babu zao hufika mwaka 1870, hesabu ya kwanza iliyowataja kwa majina wote waliokuwa watumwa. Katika orodha za mwaka 1850 na 1860 jina lililoandikwa ni la bwana. Watumwa wake kwa kawaida ni umri, rangi, na kuwa mume au mke, basi. Ndiyo maana karatasi ya mazishi, igawiwayo kanisani na kutunzwa ndani ya Biblia ya nyumbani, ni hazina: yataja wazazi, mahali pa kuzaliwa, na ndugu waliobaki kusini.

Wameksiko nao wana pengo lao. Mwaka 1932 wengi wa mji huu na wa miji jirani walirudishwa Mexico kwa treni, pamoja na watoto waliozaliwa Indiana. Nyumba iliyoandikwa mwaka 1930 isipoonekana mwaka 1940, tusikate shauri ya kuwa wamekufa.

Kazi hii haingoji. Mwaka 1960 Gary ilikuwa na watu 178,320; mwaka 2020 walibaki 69,093. Mitaa mizima imebomolewa, na kanisa kubwa la City Methodist, lililojengwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1975, limekuwa gofu. Wanazuoni wawili, Ronald Cohen na James Lane, waliliona jambo hili mapema; mwaka 1973 walianzisha nyumba ya kuhifadhi maandiko ya nchi ya Calumet katika chuo cha Indiana University Northwest, na tangu mwaka 1975 Lane alitoa gazeti la Steel Shavings, lenye masimulizi ya jamaa za kawaida. Afuataye njia yao amwombe mzee ataje nyumba za mtaa wake moja moja, na nani alikaa wapi. Kisha alinganishe na vitabu vya anwani na ramani za bima ya moto. Mzee hukosea miaka, karatasi hukosea majina. Kila mmoja humsahihisha mwenzake.

Sisi tushikao vitabu vya ubatizo na daftari za shule tuna fundisho hapa. Kiwanda kiliandika hesabu ya mikono, dola iliandika raia zake. Mtu mwenyewe huonekana pale tu mwandishi alipojipa taabu kuuliza. Basi tuulize jina la mama na la ukoo wake, kijiji, lugha isemwayo nyumbani, na jina ambalo mtoto huitwa na bibi yake, kisha tuyaandike kwa wino na kwa hati isomekayo. Ni kazi ya dakika chache. Asipoifanya anayeandika leo, wajukuu hawataweza kuifanya.